Mkono wa Fundi: Mawe na Ngano za Misikiti ya Kale

Msikiti wa kale una mashahidi wawili: mawe yake na masimulizi ya wenyeji. Anayetaka kuuelewa hana budi kuwasikiliza wote wawili, kwa sababu kila mmoja hukumbuka jambo ambalo mwenzake amelisahau.

Mkazi wa Kikoneni, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, akishuka hadi Diani ataukuta Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, umezungukwa na mibuyu, na hadi leo watu wanasali humo. Lakini mfano ulio wazi zaidi wa mashahidi hao wawili uko ng'ambo, Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja.

Huko, kwenye mihirabu, kuna maandishi ya hati ya Kufi yaliyochongwa kwenye tumbawe. Yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin Hassan kuwa ndiye aliyeamuru msikiti ujengwe, Mfunguo Pili mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 18, ila maandishi hayo yalitunzwa.

Tumbawe la kuchongea lilitolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na unyevu huchongeka vizuri. Likishakauka huwa gumu. Fundi alipaswa kuzisuka herufi na mapambo yake ya majani kabla jiwe halijaanza kukataa patasi.

Ngano ya wenyeji husimulia hivi: mfalme Kizi alimwagiza fundi Kazi amjengee msikiti. Ulipokamilika, uzuri wake ulimshangaza mfalme hata akaamuru fundi akatwe mkono, asije akajenga mwingine kama huo. Baadaye maadui walipovamia, mfalme aliomba dua, pango likamfunika akanusurika. Kazi hakuweza kuinua mikono miwili kuomba, akauawa.

Visa vya namna hii vipo kwingi. Moscow husimuliwa kwamba wajenzi wa Kanisa la Mtakatifu Basil walipofushwa. Agra, kwamba mafundi wa Taj Mahal walikatwa mikono. Hakuna ushahidi wa kihistoria unaothibitisha hayo, wala ngano ya Kizimkazi haihitaji kuchukuliwa kuwa taarifa ya tukio. Thamani yake ni nyingine. Maandishi yamemtaja aliyeagiza, fundi hayakumtaja. Wanakijiji ndio waliomweka fundi katikati ya kisa, wakampa jina, tena wakatamka waziwazi kwamba alidhulumiwa.

Kwa hiyo, unapofika Msikiti wa Kongo au gofu lolote la pwani, chunguza jinsi jiwe lilivyokatwa na chokaa ilivyopakwa, kisha waulize wazee wa hapo wanasimulia nini. Kuta zinakarabatiwa, na ni vyema. Masimulizi nayo yanastahili kurekodiwa kwa bidii ileile, wakati wanaoyajua wangali hai, kwa kuwa mara nyingi humo ndimo pekee mnamokumbukwa waliojenga kwa mikono yao.