Kabla hujatuma pesa za mashua

Ukiishi Noonkopir, mji ambao wengi siku hizi huuita Kitengela, huna sababu kubwa ya kuwaza habari za mawimbi. Upepo wa huku kazi yake ni kupeperusha vumbi. Ziwa linalojulikana zaidi katika Kaunti ya Kajiado ni Magadi, na huko watu huchimba magadi, hawatupi nyavu. Hata hivyo, wengi waliokuja kutafuta kazi katika viwanda vya Athi River kwao ni Mbita, Usenge, Homa Bay au Sio Port. Katika vikundi vya akiba wazo la kununua mashua ya uvuvi halikosi kuzuka. Samaki huliwa kila siku, na nyumbani wako vijana wasio na kazi. Kwa nini pesa zilale benki?

Wazo hilo si baya hata kidogo. Shida yake ni moja: anayenunua siye anayepanda. Pesa hutoka Noonkopir, na mpwa wako ndiye anayeingia ziwani usiku. Wewe unalinganisha bei za mashua mbili kwa simu, naye ndiye atakayejua tofauti yake akiwa kilomita nyingi kutoka ufuoni. Basi kabla hujatuma hata shilingi, fahamu unanunua nini.

Kwanza lijue ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na upepo una nafasi kubwa ya kukimbia juu yake bila kizuizi. Kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Mawimbi yake hayafanani na yale marefu ya Bahari ya Hindi, ambayo huinua chombo polepole na kukishusha polepole. Ni mafupi, yamesimama wima, na hufuatana karibu karibu. Mashua fupi ikishuka kutoka wimbi moja, pua yake hujichomeka katika wimbi la pili kabla haijapata nafasi ya kuinuka.

Isitoshe, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara, na usiku mambo hugeuka. Hewa kutoka nchi kavu ya pande zote hukutana juu ya maji na kuzaa dhoruba na radi, aghalabu kati ya usiku wa manane na asubuhi. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaofia katika ziwa hili kila mwaka, ukijumlisha nchi zote tatu. Vyombo vikubwa vilivyozama, kama MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, vilitangazwa ulimwenguni kote. Mashua ya watu wanne ikipinduka, habari zake mara nyingi huishia ufuoni.

Sasa tuitazame mashua. Anza chini. Mashua yenye sakafu bapa hupendeza sana ikiwa imetulia. Unaweza kusimama ukingoni isiyumbe. Lakini hiyo hiyo ikikutana na mawimbi, hupigapiga maji kama kofi, mbao zikalegea na misumari ikaanza kucheza. Kwa maji makubwa tafuta chombo ambacho tumbo lake limechongoka kuelekea chini, hasa upande wa mbele, ili kilipasue wimbi badala ya kulipanda na kuliangukia.

Hapa niwaonye wapenzi wa uvuvi wa kujiburudisha. Ziwa Naivasha lina samaki aitwaye besi, mwenye asili ya Marekani, aliyeingizwa humo mwaka 1929. Besi hupenda kujificha kwenye magugu karibu na ukingo, kwa hivyo mvuvi wake hutaka mashua ndogo, nyepesi, yenye kingo fupi za kumwezesha kurusha ndoana kwa urahisi. Kwa kazi hiyo chombo kama hicho chafaa, mradi urudi kabla ya upepo wa alasiri na ujihadhari na viboko. Lakini ukiuziwa kimoja kwa bei ya chini, usikipeleke Mbita ukidhani ziwa ni ziwa.

Ziwa Victoria limezaa chombo chake lenyewe: mashua ya mbao ya Ssese, iliyopewa jina la visiwa vya Uganda. Ina mkuku imara na mbao zilizopangwa juu ya mataruma. Iliyochongoka pande zote mbili yafaa kwa makasia na tanga; iliyokatwa nyuma ndiyo ya injini. Usiidharau kwa sababu ni ya mbao. Ikiwa na urefu wa mita saba au nane na imejengwa na fundi anayejiheshimu, itakuhudumia vizuri, lakini itataka kukalafatiwa mara kwa mara. Ya fibaglasi haiozi upesi wala hainywi maji kama mbao, ila bei yake ni ya juu zaidi. Kama ni kuukuu, igonge kwa sarafu kutoka mbele hadi nyuma. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa nzito, yawezekana ndani mna maji au mbao iliyooza. Kisha shika injini, uinue na kuishusha. Ubao wa nyuma ukicheza, iache. Kwa mashua ya mbao, chukua kisu na uchome polepole kando ya mkuku. Mbao njema hukataa kisu.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: ubavu unaobaki juu ya maji. Tupu, kila mashua huonekana ndefu ya ubavu. Itie watu wake wote, nyavu, barafu, petroli na uzito wa samaki unaotumaini kuvua (mbuta mmoja tu aweza kupita kilo 100), ndipo upime kwa rula kutoka kwenye maji hadi ukingoni. Pima na nyuma pia, kwani injini huvuta tezi chini, na wimbi linalokufuata ukirudi nyumbani huingilia huko. Kama ukingo umesogea karibu mno na maji ufuoni penye utulivu, usitarajie miujiza kwenye dhoruba.

Kuhusu injini, nitasema machache, maana wauzaji wenyewe huisifu vya kutosha. Mguu wake ulingane na urefu wa ubao wa nyuma, ama sivyo itameza hewa kwenye mawimbi na kupoteza nguvu. Petroli igawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba. Makasia yawemo daima.

Mashua ya chuma ikijaa maji huzama, isipokuwa imejengewa visanduku vya hewa. Ya mbao huenda ikaelea, lakini injini itaivuta nyuma. Uliza kitakachoishikilia juu, na kama hakipo, mitungi mitupu ya plastiki iliyofungwa sawasawa chini ya viti ni afadhali kuliko matumaini. Jaketi za kuokoa maisha ziwe kwenye hesabu ya bei tangu mwanzo, moja kwa kila mtu. Zikiachwa zinunuliwe “baadaye”, pesa hizo hugeuka karo. Ulizia pia kibali cha idara ya uvuvi, ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kamati ya ufuo ambako mashua itasajiliwa. Kamati hizo ndizo zinazojua chombo kipi kimewahi kupinduka na kupakwa rangi upya.

Hatimaye omba safari ya majaribio, na umwambie muuzaji iwe alasiri, upepo ukiwa umeanza, si asubuhi ziwa likiwa kama kioo. Mpwa wako ashike usukani na wewe upande naye, umevaa jaketi. Nendeni mkielekeza pua kwenye mawimbi, kisha mrudi yakiwa nyuma yenu. Mhesabu maji mliyofua kwa kopo. Muuzaji akikataa mambo haya, au akisema upepo wa leo ni mkali mno kwa mashua hiyo, mshukuru kwa ukweli wake na upande matatu ya kurudi Noonkopir na pesa zenu zote.