Pambo na Mnazi: Taswira na Umbo katika Mashairi ya Kupinga Ubaguzi

Makala haya yanachunguza namna washairi wa Kiswahili wanavyoukabili ubaguzi kwa taswira na kwa umbo la shairi. Mazoea ya wengi wetu madarasani ni kuyatenga mambo haya mawili: maudhui huchambuliwa kwanza, kisha mizani na vina huhesabiwa mwishoni kama magunia bandarini. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hukariri kuwa shairi fulani "linapinga ubaguzi" pasipo kuonyesha linaupinga vipi. Tunashikilia kwamba katika mashairi bora umbo lenyewe ni sehemu ya hoja.

Tuanze na Shaaban Robert (1909–1962). Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926 katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, chini ya mfumo uliompangia mtu nafasi yake kwa kuitazama ngozi. Katika "Rangi Zetu", rangi, ambayo mkoloni aliifanya kuwa kosa, inageuzwa kuwa pambo la Mungu. Taswira hii ina werevu. Pambo halina haja ya kujitetea. Anayepaswa kujieleza ni yule anayelidharau, maana dharau yake inamfikia Aliyelitia. Aidha, Shaaban alikuwa mshikilizi wa arudhi, na arudhi haimruhusu mshororo mmoja kujipa mizani zaidi ya mwenzake bila sababu. Mtu angeweza kusema kwamba usawa wa binadamu umehubiriwa hapo kwa usawa wa mishororo. Hata hivyo, hoja hii isivutwe mno: mizani iyo hiyo imetumika kuwasifu watawala na kuwaasa wanawake watii.

Umbo linafanya kazi nzito zaidi kwa Abdilatif Abdalla. Mshairi huyu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijitabu chake "Kenya: Twendapi?". Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. (Historia ya fasihi yetu nayo ina kinaya chake.)

Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", ndugu wawili, Alii na Badi, wanalumbana juu ya mnazi. Mmoja yuko juu mtini, mwingine yuko chini akidai haki yake. Ni rahisi kuusoma mnazi kama nchi na kuishia hapo. Lakini tutazame mahali alipowekwa kila mmoja. Aliye juu anaweza kuamini kwamba kimo chake ni sifa yake, ilhali ni mti uliomwinua. Huo ndio mzizi wa ubaguzi: mtu kuchukulia nafasi aliyoikuta kuwa thamani aliyozaliwa nayo. Isitoshe, hao ni ndugu. Hakuna damu wala rangi ya kuwatenganisha, ila urefu wa shina.

Umbo la malumbano linatilia nguvu jambo hili. Sauti mbili zinapokezana, na msomaji analazimika kumsikiliza hata yule asiyempenda. Nilipokuwa nikifundisha kwa muda katika shule moja hapa Kilimani, wanafunzi waligawanyika mara moja: kila upande ulimwona aliye mtini kuwa wa kabila la wenzao. Hakuna aliyejiona yuko juu. Nao walikuwa wameketi katika mtaa ambao, pamoja na sehemu nyingine za magharibi ya Nairobi, ulitengewa Wazungu enzi za ukoloni, huku Mwafrika akisukumwa mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni. Mnazi ulikuwapo nje ya dirisha, ingawa haukuzaa nazi.

Kuna tabaka jingine ambalo wahakiki wa bara hulipita haraka, nalo ni lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, chenye urithi mkubwa wa ushairi tangu kwa Muyaka, kikabaki pembeni. Abdilatif alitunga kwa Kimvita. Msomaji aliyezoea "chini" na "njia" anapokutana na "tini" na "ndia" huwa mwepesi kudhani kwamba lugha imeharibika, na nimewahi kusikia katika semina maumbo haya yakiitwa "makosa ya kishairi". Dhana hiyo nayo ni ubaguzi, tena unaotoka kwa watu wanaouchambua ubaguzi.

Anayetaka kujaribu na achukue anwani ya shairi "N'shishiyelo ni Lilo" katika diwani hiyo hiyo. Ina mizani minane kamili. Aiandike kwa Kiswahili sanifu, "ninaloshikilia ni hilo", kisha ahesabu: ni kumi, na kipande hakikai tena.