Wiki ya Shabiki Huanza Jumatano

Kwa mpenzi wa komiki nchini Marekani, wiki huanza Jumatano. Siku hiyo maduka ya vitabu vya katuni hupanga matoleo mapya, na wateja wa kudumu huja kuchukua fungu lao walilowekewa nyuma ya kaunta: Batman mpya, Spider-Man mpya, pengine na hadithi ya kutisha kutoka kwa mchapishaji mdogo. Kitabu kimoja huwa na kurasa 20 hivi za hadithi na huuzwa dola nne au tano. Mwenye kukithamini hukitia kwenye mfuko wa plastiki, nyuma yake akaweka kadibodi nyeupe kisikunjike, kisha akakisimamisha kwenye boksi refu pamoja na vilivyotangulia.

Fungu hilo la nyuma ya kaunta lina historia yake. Zamani komiki ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, na zisizouzika zilirudishwa kwa fidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Phil Seuling, mwalimu wa sekondari mjini Brooklyn, aliwaendea wachapishaji na mpango mwingine: anunue moja kwa moja kwao, apewe punguzo kubwa, na asirudishe chochote. Mpango huo ndio uliozaa maduka maalumu ya komiki. Lakini ulimtwika muuzaji mzigo, kwa kuwa kisichouzika ni hasara yake mwenyewe. Ndiyo maana humwomba mteja ataje mapema anachokitaka, naye huagiza wiki nyingi kabla kitabu hakijatoka.

Jumatano yenyewe ilitokana na ratiba ya usafirishaji. Kwa miaka mingi kampuni ya Diamond, iliyoanzishwa mwaka 1982, ndiyo iliyosambaza karibu komiki zote kwenye maduka ya Marekani. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha usambazaji, DC, wenye Batman na Superman, waliachana na Diamond wakahamia Jumanne. Wenye maduka wakajikuta wakifungua mizigo na kupanga rafu mara mbili kwa wiki. Mwaka 2024 DC wakarejea Jumatano, na Januari 2025 Diamond ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika.

Ijumaa ni zamu ya sinema. Kabla ya miaka ya 1970, filamu nyingi kubwa za Hollywood zilianzia majumba machache ya miji mikubwa, kisha zikasambaa polepole hadi mitaani. Jaws ilisaidia kuubadili utaratibu huo. Ijumaa ya tarehe 20 Juni 1975 ilifunguliwa kwa mpigo katika majumba zaidi ya 400, baada ya kutangazwa kwa kishindo kwenye televisheni. Tangu hapo, siku tatu za kwanza zikawa mtihani wa kila filamu kubwa. Avengers: Endgame, mwaka 2019, ilikusanya dola milioni 357 Marekani na Kanada katika siku hizo tatu. Mashabiki wenyewe hawangoji hata Ijumaa: maonyesho huanza Alhamisi jioni, na mapato yake huhesabiwa kuwa ya Ijumaa. Ufaransa nako filamu mpya hutoka Jumatano, siku ambayo kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi walikuwa mapumzikoni.

Mara chache Afrika Mashariki hutangulia. Tarehe 13 Februari 2018, siku tatu kabla Black Panther haijafunguliwa kwa umma Marekani, ilionyeshwa kwa shamrashamra mjini Kisumu, kwa heshima ya Lupita Nyong'o aliyeigiza kama Nakia.

Hata hivyo, watazamaji wengi wa huku hawana haja na Ijumaa ya Hollywood. Wao husubiri filamu iliyotafsiriwa. Nchini Kenya, DJ Afro amejijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Tanzania, sauti iliyovuma ni ya Lufufu. Kampala yupo VJ Jingo, anayetumia Kiganda. Msimulizi hupunguza sauti ya filamu, akawasemea wahusika wote, akamtania adui, akamwonya steringi kwamba nyuma kuna mtu, na palipo na jambo geni akalifafanua kwa mifano ya mtaani. Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Dar es Salaam, jina la msimulizi huweza kuvuta watu kuliko la mwigizaji.

Jumamosi ni siku ya mikono. Kuna wanaounganisha roboti za plastiki za katuni ya Kijapani ya Gundam, ambazo kampuni ya Bandai ilianza kuziuza mwaka 1980. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki. Fundi hukikata kimoja kimoja kwa koleo ndogo, hulainisha kidonda cha plastiki kwa msasa, kisha hukibana mahali pake. Vipande vya siku hizi havihitaji gundi. Kuna wanaoketi mezani kucheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974: mmoja husimulia mkasa, wengine huamua wahusika wao wafanye nini, na dadu ya pande 20 hukata shauri. Wacheza karata za Magic huwa wameshaanza tangu usiku wa Ijumaa, maana mashindano yao ya dukani yamefanyika siku hiyo tangu mwaka 2000.

Jumamosi ya kwanza ya Mei huwa na neema zaidi, kwa kuwa maduka hugawa komiki bure. Desturi hiyo ilianza tarehe 4 Mei 2002, siku moja baada ya filamu ya Spider-Man kuingia sinema, ili waliotoka kuitazama wapate cha kusoma. Kenya nayo ilipata komiki yake ya bure mwaka 2010. Shujaaz ilitoka kwa Sheng, ikigawiwa ndani ya gazeti la Saturday Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Shujaa wake, Boyie, huendesha kituo cha redio kwa siri kutoka chumbani kwake. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012.

Jumapili jioni macho huhamia Japani. Gazeti la manga, yaani komiki za Kijapani, la Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, huingia madukani Jumatatu. Tangu 2019, mchapishaji wake, Shueisha, huweka sura mpya kwenye programu ya simu ya Manga Plus usiku wa manane wa Tokyo, na msomaji wa nchi za nje huzisoma bure. Tokyo imeitangulia Mombasa kwa saa sita, kwa hiyo sura mpya ya hadithi ya One Piece humfikia msomaji wa Mombasa Jumapili saa kumi na mbili jioni. Wapo wasiovumilia hata hapo, wakatafuta kurasa zilizovujishwa. Mwaka 2024 polisi wa Japani waliwakamata watu kwa kupiga picha kurasa za Jump kabla ya siku ya mauzo.

Jumatatu, gazeti lenyewe linapoingia madukani Japani, ni nene kama kitabu cha simu cha zamani, na karatasi zake ni za bei poa. Katika kilele chake, mwaka 1995, lilichapwa nakala milioni 6.53 kwa wiki. Kwa miaka mingi ndani mlikuwa na kadi ya posta, ambayo msomaji aliijaza kwa kutaja hadithi tatu zilizompendeza, akairudisha kwa wahariri. Hadithi inayokosa kura wiki baada ya wiki huondolewa, na mchoraji hupewa sura chache tu za kumalizia. Shabiki mzoefu huzijua dalili kabla ya tangazo: hadithi husogezwa kurasa za nyuma, adui mkuu aliyekuwa afichwe kwa miaka hujitokeza ghafla, na vita vilivyostahili sura thelathini vikaisha kwa mbili.