Ukambi: Walichojifunza madaktari kutoka nchi za barafu hadi Machakos

Kina mama wanaopeleka watoto kliniki mjini Machakos hulijua agizo hili: mtoto akifikisha miezi 9 mlete achanjwe dhidi ya ukambi, na akifikisha mwaka mmoja na nusu mlete tena. Wengi hutii mara ya kwanza. Kufikia mara ya pili mtoto anatembea, anakula ugali, hana dalili ya ugonjwa wowote, na mama ana shughuli zake sokoni au kazini. Kadi inawekwa sandukuni na kusahauliwa.

Je, ni nani aliyeamua kwamba ni miezi 9, si 6 wala 12? Na kwa nini mara mbili? Safari ya kutafuta majibu hayo ilianzia mbali sana na Ukambani, huko kaskazini ya dunia ambako jua la mwezi wa Desemba huchomoza kwa saa chache tu, kisha likatua.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Ukambi, ambao wengine huuita surua (jina lisikuhadae, msomaji, si ugonjwa wa Ukambani), huletwa na virusi vinavyosafiri hewani. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kisha akatoka, virusi hivyo vyaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili. Mtoto hushikwa na homa kali, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayotiririka machozi. Vipele hutokea siku chache baadaye, vikianzia usoni na nyuma ya masikio, halafu vikashuka mwilini. Jambo la hatari ni kwamba huwa ameanza kuwaambukiza wenzake siku nne kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Wasio na kinga wakikaa na mgonjwa, tisa kati ya kila kumi huugua. Wanaokufa mara nyingi huuawa na nimonia au kuhara kunakofuata, na baadhi ya wanaopona hubaki vipofu.

Mambo haya mengi yalianza kueleweka mwaka 1846 katika visiwa vya Faroe, vilivyo baina ya Scotland na Iceland. Ukambi ulikuwa haujafika huko tangu mwaka 1781, yaani miaka 65. Kisha fundi mmoja wa mbao akasafiri kwa meli kutoka Copenhagen, akatua na ugonjwa mwilini. Kati ya wakazi 7,782, wapatao 6,000 waliugua katika muda wa miezi michache.

Serikali ya Denmark ilituma madaktari wawili, mmoja wao kijana wa miaka 25 aitwaye Peter Panum. Hakuwa na maabara ya kupima virusi, kwani hakuna aliyejua kuna kitu kinachoitwa virusi. Alichofanya ni kwenda kijiji hadi kijiji akiuliza: uliugua lini, nani alikutembelea, siku gani? Wanaume kumi wa kijiji cha Tjørnuvík walikwenda kuwinda nyangumi huko Vestmanna tarehe 4 Juni, wakakutana na wagonjwa. Tarehe 18 Juni wote kumi walitokwa na vipele. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyojua kwamba tangu kuambukizwa hadi vipele kutokea ni kama siku 14. Aidha, Panum aliwatafuta wazee waliougua mwaka 1781. Alipata 98 waliokuwa hai, na hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Mwili uliowahi kushindana na ukambi haukuwa umesahau, hata baada ya miaka 65.

Somo lililofuata lilikuwa chungu zaidi, nalo liliwahusu wenyeji halisi wa kaskazini: Wainuit, ambao zamani waliitwa Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Mwaka 1900 ukambi na homa ya mafua viliingia kwa pamoja Alaska, na vijiji vingi vikabaki mahame. Mwaka 1951 msafiri kutoka Denmark aliupeleka ukambi kusini mwa Greenland, kwenye wilaya ya mji ambao leo huitwa Qaqortoq. Zaidi ya watu 4,000 waliishi humo, na karibu kila mmoja wao, kuanzia mtoto mchanga hadi ajuza, aliugua. Mwaka uliofuata mambo yakawa hayo hayo kwa Wainuit wa Ungava, kaskazini mwa Kanada.

Kwa miaka mingi watu weupe walieleza vifo hivi kwa neno moja: damu. Wakadai kwamba wenyeji wa nchi za baridi wana miili dhaifu. Lakini tukumbuke kisa cha Faroe. Wale walikuwa Wazungu watupu, nao waliangushwa vivyo hivyo. Kilichowafanya Wainuit wafe kwa wingi hakikuwa rangi. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuugua, kwa hiyo waliugua wote kwa wakati mmoja. Baba mvuvi yu kitandani, mama mpishi yu kitandani, jirani ambaye angeleta maji na kuni naye yu kitandani. Huko Alaska baadhi walikufa kwa njaa na baridi kwa kukosa mtu wa kuwasha moto.

Tukirudi kwetu sasa tunaweza kuona tofauti. Ukambi hauwezi kuishi milele katika kisiwa kidogo. Ukishamaliza watu wasio na kinga huzimika, kama moto ulioishiwa kuni. Ili udumu, wahitaji mkusanyiko wa watu kwa mamia ya maelfu, ambamo watoto wapya huzaliwa kila siku. Nairobi na miji inayoizunguka, Machakos ikiwemo, ni mahali pa namna hiyo hasa. Ndiyo maana hapa tumezoea kuuita ugonjwa wa watoto. Si kwamba wauchagua utoto, ila kabla ya chanjo kila mtu mzima alikuwa amekwisha kuugua alipokuwa mdogo.

Kwa hiyo swali la Machakos lilikuwa tofauti na la Greenland: hapa ni mtoto wa umri gani anayepatwa, na ni yupi anayekufa? Katika miaka ya 1970 watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Kitiba cha Nairobi, kilichokuwa chini ya Taasisi ya Kitropiki ya Kifalme ya Amsterdam, walianza kuandikisha kila nyumba katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni, watu wapatao 24,000. Wahudumu walibisha hodi kila baada ya wiki mbili, wakauliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani ana vipele. Kazi ile ya Panum, basi, ila kwa miaka mingi. Faida yake ni kwamba hospitali huwaona waliozidiwa tu. Mlangoni huonekana wote. Sidhani kama wajukuu wengi wa wazee wale waliofungua milango wanajua jinsi majibu yao yanavyosomwa hadi leo.

Kwa mfano, mwaka 1990 mtafiti Peter Aaby wa Denmark, pamoja na J. Leeuwenburg aliyefanya kazi katika mradi huo, walizichambua upya takwimu za Machakos. Walikuta kwamba mtoto anayeuleta ukambi nyumbani kutoka nje huugua kwa nafuu kuliko nduguye anayeambukizwa naye humo ndani. Maelezo yanayotolewa ni kwamba wa pili hulala chumba kimoja na mgonjwa usiku na mchana, akavuta virusi vingi zaidi kwa mpigo. Kwa sisi tunaoishi chumba kimoja cha kupanga, watu sita, jambo hili si la vitabuni.

Kuhusu miezi 9: mama aliyewahi kuugua au kuchanjwa humpa mtoto wake kinga kabla ya kuzaliwa. Kinga hiyo humlinda kwa miezi kadhaa, lakini pia huiua chanjo ikidungwa mapema. Ukichanja mapema mno, sindano imepotea bure; ukichelewa mno, ugonjwa umekutangulia. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani zilichapisha uchunguzi wa damu ya watoto wa Kenya walio katika mwaka wa kwanza, na uchunguzi huo ulisaidia kuamua kwamba miezi 9 ndio wakati unaofaa katika nchi kama yetu. Huko Ulaya na Marekani, ambako hatari ya mtoto mchanga kuambukizwa ilikuwa ndogo, wao husubiri mwaka mmoja au zaidi.

Hata hivyo, katika miezi 9 baadhi ya watoto huwa bado wamebeba kinga ya mama. Kati ya 100 wanaochanjwa umri huo, yapata 15 hawapati kinga, na mama hana njia ya kujua kama wake ni mmoja wao. Hiyo ndiyo kazi ya sindano ya miezi 18, iliyoingizwa katika ratiba ya Kenya mwaka 2013. Tangu 2016 chanjo hiyo hukinga pia rubela, inayodhuru mimba.

Aliyepitwa na tarehe asione haya kwenda. Muuguzi atamchanja mtoto hata akiwa amechelewa, bila malipo katika vituo vya serikali, na kadi ikipotea atafunguliwa nyingine. Mtoto mwenye homa, macho mekundu na vipele apelekwe kituo cha afya mara moja, na mhudumu aarifiwe mlangoni ili asiketi foleni pamoja na watoto wachanga. Atapewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo, ambayo hulinda macho na kupunguza vifo. Nyumbani, ndugu zake walazwe chumba kingine ikiwezekana, au hata kwa shangazi, mpaka siku nne zipite tangu vipele vilipotokea.