Sikio la Mzee na Nyimbo za Vijana

Katika bonde la Kilombero, tangu Kidatu na Mang'ula hata Ifakara na Mlimba, kuna neno moja lisemwalo sana na watu waliopita umri wa miaka hamsini: "Siku hizi hakuna muziki, kuna makelele tu." Sisi tulio walimu twalisikia neno hilo barazani, sokoni na garini. Katika mazungumzo haya twataka kueleza kwa nini husemwa, kwa nini si kweli yote, na njia gani mzee aweza kuzifuata ili apate, katika wingi wa nyimbo mpya, zile zitakazompendeza. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina faida na hasara yake, kama tutakavyoona.

MUZIKI WA ZAMANI NAO ULIKUWA MGENI

Yafaa tukumbuke kwanza ya kuwa muziki ambao wazee wa leo huuita wao ulikuja kwetu kama mgeni. Tangu miaka ya 1930 santuri zenye herufi GV, zilizobeba muziki wa Kuba, ziliuzwa katika nchi nyingi za Afrika. Watu walizicheza ingawa maneno yake yalikuwa ya Kihispania, na hapana aliyeyafahamu. Pale Morogoro, Salum Abdallah aliupenda muziki huo, akatunga nyimbo za Kiswahili kwa mwendo wake, na bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Jina lenyewe latangaza mahali ulikotoka muziki. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na leo hakuna mzee asemaye ya kuwa nyimbo zake ni za kigeni.

Kadhalika Mbaraka Mwinshehe. Alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, akaipatia sifa kubwa kwa gita lake. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 alianzisha bendi ya Super Volcano, naye akafa Januari 1979. Lakini magita ya umeme yalipoanza kusikika vijijini, watu waliozoea ngoma ya sangula hawakukosa kuuliza: chuma hiki chenye waya kina maana gani? Waliouliza hivyo walikuwa babu zao hao wazee ambao leo huuliza kompyuta ina maana gani katika muziki.

Hata kanisani mambo yalikwenda vivyo. Kwa miaka mingi ngoma zilikaa nje ya mlango, na ndani waumini wa Kikatoliki waliimba Kilatini. Baada ya Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1962 hata 1965, lugha ya watu na ngoma zao zikaingia ndani. Wazee wengi walishangaa, kisha wakazoea, kisha wakapenda.

Tena bonde letu limezoea kupokea wageni. Mashamba ya miwa ya Kilombero, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yalileta watu wa makabila mengi kukaa pamoja na Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena, na kila mmoja alikuja na wimbo wake kinywani. Sikio la mtu wa Kilombero, basi, si sikio la kufungiwa kisimani.

KWA NINI SIKIO HUFUNGA MLANGO

Kama ndivyo, kwa nini mtu afikapo makamo huacha kupokea nyimbo mpya? Twaona sababu nne.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Wataalamu wa akili wameona ya kuwa mtu mzima akiulizwa mambo anayoyakumbuka maishani, mengi huwa ya tangu umri wa miaka kumi hata thelathini hivi. Ndiyo miaka ya mshahara wa kwanza, ya uchumba, ya safari ya kwanza mbali na nyumbani. Wimbo uliosikika siku hizo hushikamana na mambo hayo kama gundi. Basi mzee asikiapo gita la Mbaraka husikia pia ujana wake. Wimbo mpya, hata ukiwa mzuri, hauna kitu cha namna hiyo cha kumpa siku ya kwanza.

Ya pili ni mazoea. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Zajonc, alionyesha ya kuwa mtu huelekea kukipenda zaidi kitu alichokutana nacho mara nyingi, hata kama hakuambiwa sifa yake. Wimbo wa zamani tumeusikia mara elfu. Wimbo mpya tumeusikia nusu yake, tena ukipita katika basi. Mashindano hayo si ya haki.

Ya tatu ni sikio lenyewe. Umri uzidipo, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Katika maneno yetu, herufi kama s, f, t na k zina sauti nyembamba na dhaifu, lakini a, e, i, o, u zina nguvu zaidi. Basi mzee husikia mvumo wa neno asisikie mipaka yake, na ngoma nzito ikipigwa juu yake hasikii kitu. Hapo hudhani ya kuwa kijana hatamki maneno, kumbe mara nyingi maneno yametamkwa, bali sikio halikuyapokea.

Ya nne ni wingi wa redio. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na hata mwanzo wa miaka ya 1990 watu wa bara walitegemea hasa Radio Tanzania. Redio ilikuwa moja nyumbani, na idhaa moja hewani. Mzee akingoja taarifa ya habari alilazimika kusikia na bendi mpya za vijana, kama NUTA Jazz au Mlimani Park katika siku zake za mwanzo. Tangu mwaka 1994 redio za watu binafsi zilianza, na sasa kila mmoja ana simu yake na vipokea sauti vyake masikioni. Babu na mjukuu waweza kukaa katika dungu moja wakiwinga ndege wa mpunga, kila mmoja na muziki wake, wasisikilizane kamwe. Zamani nyimbo mpya zilimfuata mzee zenyewe. Leo hapana budi yeye azifuate.

MILANGO MINNE

Njia iliyo rahisi ni kuingia kwa mlango unaoujua. Mtu asianze na wimbo ulio mbali kabisa na mazoea yake, bali ashike kitu kimoja anachokipenda katika muziki wa zamani, akifuate mpaka kimfikishe kwenye muziki mpya.

Mlango wa kwanza ni gita. Apendaye Morogoro Jazz na aisikilize African Stars, waitwao Twanga Pepeta, bendi iliyopata sifa kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Jina hilo limetoka katika kinu na ungo, kazi ambayo kila nyumba yenye mpunga yaijua. Atakuta wimbo ukianza kwa maneno na kisa, kisha ukageuka kuwa chemko la magita na wachezaji, kama alivyozoea. Tena yuko Banana Zorro, mwana wa Zahir Ally Zorro, mwimbaji wa dansi wa siku za nyuma. Amlinganishe mtoto na baba.

Mlango wa pili ni maneno. Apendaye mashairi na mafumbo asidharau vijana waghanao badala ya kuimba. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", kisa cha mwanasiasa anayewaahidi watu makubwa na umati unaomwitikia. Ni dhihaka ambayo mzee yeyote aliyehudhuria mikutano ya kampeni ataifahamu mara moja. Miaka kumi na minne baadaye mtunzi huyo mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, huko juu ya barabara yetu ishukayo Kidatu na Ifakara, akakaa Bungeni hata mwaka 2020. Afande Sele wa Morogoro, aliyeshinda mwaka 2004 shindano la Mfalme wa Rimu, huweka mawaidha katika vina kama mshairi. Mrisho Mpoto naye husema mashairi juu ya ala, polepole, kwa mafumbo. Kwa mzee huyo wa mwisho ndiye mwepesi kuliko wote.

Mlango wa tatu ni ngoma. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, ndiyo iwaudhiyo wazee zaidi, kwa sababu mapigo yake hufika mia mbili na zaidi kwa dakika. Hatusemi kila mtu ataipenda. Lakini aliyekulia ngomani asikilize namna kipande kidogo, aghalabu cha taarab iliyoharakishwa, kinavyorudiwa na kurudiwa, na mghani akipita juu yake. Kurudia huko ndiko kulikochezesha babu zetu usiku kucha. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli, na watu wa Ulaya wakaanza kuitafuta. Haifai wageni waijue kuliko sisi.

Mlango wa nne ni mtu mwaminiwa. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, aliimba "Ahmada" pamoja na vijana wa Offside Trick. Aliyempenda bibi alijikuta anawasikiliza na wajukuu. Mwaka 2013 huohuo Diamond Platnumz alimpa Muhidin Gurumo, mwimbaji mkongwe wa Msondo, zawadi ya gari mbele ya watu. Gurumo alifariki mwaka uliofuata. Mzee aonapo kijana akimheshimu mwalimu wake, moyo hulainika, na sikio hufuata moyo.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na uwe ndio utaratibu wetu kwa wimbo mpya. Siku ya kwanza usikilize bila kuhukumu. Siku ya pili mwambie mjukuu akusomee maneno yake polepole, kama asomavyo kitabu, kisha usikilize tena. Hapo sikio litajua linachokitafuta. Siku ya tatu mpe jembe: uulize wimbo una kazi gani. Je, wafundisha? Wachekesha? Wachezesha? Wafariji? Usipofanya hata moja, uage kwa amani.

Usisikilize katika kelele, wala usipandishe sauti mno. Sauti ikizidi, mzito humeza mwembamba. Wakati wa alfajiri au jioni, nyumba ikiwa kimya, ndio mwema. Usijaribu nyimbo kumi kwa mara moja, bali mmoja kwa juma watosha. Kwa mwaka utakuwa umejaribu zaidi ya hamsini, na ukipenda tano tu, umepata zaidi ya wengi.

Hatusemi ya kuwa kila kipya ni kizuri. Ziko nyimbo za matusi, na mwaka 2018 wakuu wa serikali walizipiga marufuku baadhi ya nyimbo zisipigwe redioni. Lakini tuwe na hadhari katika kuhukumu. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI, redio ya taifa ilikataa kuupiga kwa kuuona wa aibu. Leo wimbo huo hutajwa kuwa onyo lililotolewa mapema. Lililoitwa tusi lilikuwa nasaha.

HASARA NA FAIDA

Sasa twafika kwenye kiini. Mbaraka amekufa, Salum Abdallah amekufa, Remmy Ongala alifariki mwaka 2010, Bi Kidude na Gurumo hawapo. Mzee aliyeyafunga mapenzi yake yote kwa hao, kila mwaka huzika sehemu ya furaha yake wala hapati nyingine. Kupenda mwimbaji aliye hai ni kuwa na wimbo wa kungojea mwakani, na mtu mwenye kitu cha kungojea hazeeki upesi moyoni.

Hasara ya pili ni ya vijana. Wapo katika miji yetu, Ifakara na Mlimba, wanaotunga nyimbo kwa kompyuta ndogo na simu. Kama wasikilizaji wao ni rika lao tu, hawatapata mtu wa kuwaambia: hapa kina chako kimelegea, hapa gita lingejibu sauti, neno hili kwa Kindamba lina maana nyingine. Watabaki kuiga Dar es Salaam. Lakini mzee hawezi kumkosoa mtu ambaye hajamsikiliza, wala kijana hakubali kukosolewa na aliyeziba masikio.

Hasara ya tatu ni kubwa kuliko zote. Nyimbo za sangula, za kupanda na kuvuna, zimo vichwani mwa wazee, na nyingi hazikuandikwa wala kurekodiwa. Siku mjukuu atakapomwuliza babu, "Na ninyi mliimba nini?", ndiyo siku zitakapoanza kuokolewa, na simu iliyo mkononi mwake yaweza kuzinasa zote. Lakini swali hilo haliulizwi katika nyumba ambayo wimbo wa mjukuu huitwa kelele. Anayetaka kusikilizwa na atangulie kusikiliza. Jioni hii, baada ya chakula, amwambie mtoto: "Nichezee mmoja uupendao, kisha nieleze maneno yake."