Kwa nini mtoto wa jirani amepewa dawa na wangu hapana?

Ndugu wakimbizi wa ndani na viongozi wa kambi, katika safari zetu lalamiko moja linarudi. Akina mama wawili wanapeleka watoto wenye homa kwa muuguzi siku moja. Mmoja anarudi na dawa ya malaria, mwingine bila. Jioni maneno yanaanza: eti wanapendelea kabila fulani, eti wenyeji ndio wanaohudumiwa. Tumeona maneno hayo yakizaa ugomvi, na ndiyo maana tunaeleza kifaa kinachotumika.

Ni kipimo cha haraka cha malaria. Waganga wanakiita TDR. Ni kipande cha plastiki, kirefu kama kidole, chenye utepe ndani. Muuguzi anachoma ncha ya kidole, anatia tone dogo la damu katika tundu moja, kisha matone ya maji maalumu katika tundu lingine. Damu inatembea katika utepe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Ikiwa na protini ya kimelea cha malaria, protini hiyo inanaswa njiani na mstari unatokea penye herufi T. Matokeo husomwa baada ya dakika 15 au 20, kulingana na aina ya kipimo.

Mistari miwili, C na T, maana yake malaria, hata kama T ni hafifu. C peke yake: malaria haikuonekana. C ikikosekana, kipimo kimeharibika, kichukuliwe kingine. Mzazi aombe kuonyeshwa mistari; kwa maoni yetu hilo linazima uvumi kuliko mkutano wowote. Na wanaosema damu inauzwa, watazame: tone lile linakaukia ndani ya kifaa, nacho hutupwa baada ya mtu mmoja.

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kupima kabla ya kutibu malaria. Homa inaweza kutoka kwenye mapafu au surua, na dawa ya malaria haitibu hayo. Asiyepewa dawa hiyo bado ni mgonjwa: muulizeni muuguzi homa imetoka wapi.

Mwambieni pia kama mtoto alimeza dawa ya malaria karibuni, kwani protini ile hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya kupona.

Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au asiyeamka, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, hata kama jana kipimo kilionyesha C peke yake.