Kabla ya Kukata Tiketi ya Zanzibar: Stakabadhi Anazohitaji Mkazi wa Garissa

Mkenya hahitaji viza kwenda Zanzibar. Hilo ni kweli, na ndilo linalowaponza baadhi ya wasafiri: husikia "hakuna viza" wakaelewa "hakuna karatasi".

Mkanganyiko huo una chanzo chake. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Anayetoka Garissa kupitia Hola na Garsen hadi Mombasa, kisha akafika mpakani Lunga Lunga na kitambulisho pekee, hawezi kuvuka kwa kitambulisho hicho. Anahitaji pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria ndani ya Afrika Mashariki. Akishavuka, raia wa jumuiya hupewa pasi ya mgeni bila malipo ya viza.

Ukaguzi hauishii hapo. Ingawa Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano tangu 1964, ina mamlaka yake ya ndani, na mgeni anayeshuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam hukaguliwa tena katika bandari ya Malindi mjini Unguja, ambayo si Malindi ya Kilifi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda. Watoto nao wawe na pasipoti zao. Hawaandikwi tena ndani ya pasipoti ya mzazi.

Ombi la pasipoti hufanywa kwenye eCitizen. Kitabu cha kurasa 34 ni Sh7,500, na malipo yote hupitia kwenye mfumo huo. Anayedai pesa taslimu nje ya ofisi ili "kuharakisha faili" ni dalali, na risiti yake haitambuliwi na Idara ya Uhamiaji. Baada ya kulipa, mwombaji huchagua ofisi na siku ya kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Huko hubeba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Kwa mkazi wa Garissa, ugumu huanzia kwenye karatasi hizo za awali. Wengi walizaliwa nyumbani au malishoni, mbali na hospitali, na cheti cha kuzaliwa kilitafutwa miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu wazee wengi huonekana walizaliwa tarehe 1 Januari. Majina nayo huandikwa kwa namna ya aliyeshika kalamu siku hiyo: Mohamed kwenye cheti, Mohammed kwenye kitambulisho, Muhumed kwenye cheti cha shule. Jina la babu huwekwa mahali pamoja na kuachwa mahali pengine. Kwa chifu wote wanajua ni mtu mmoja. Kwa afisa wa pasipoti ni watu watatu. Marekebisho hufanywa kwanza katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na huenda yakahitaji hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya wakili au hakimu. Ni afadhali kuyamaliza kabla ya kulipia pasipoti kuliko ombi kukwama katikati.

Kitambulisho chenyewe kilikuwa kizuizi kikubwa zaidi. Kwa miongo mingi, vijana wa Kaskazini Mashariki walipigwa msasa na kamati za wazee na maafisa wa usalama, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Machakos hakuwahi kuulizwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kukomesha msasa huo wa ziada. Kuna pia waliosajiliwa mara mbili: Wakenya ambao familia zao, wakati wa ukame, zilijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili kupata chakula, na alama zao za vidole zikabaki katika mfumo wa wakimbizi. Januari 2025, Mahakama Kuu mjini Garissa iliamua kwa manufaa yao na kuagiza wapewe vitambulisho. Aliye katika hali hiyo na hajapata chake aulizie katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo yake, akiwa na vitambulisho vya wazazi au ndugu. Serikali ya Kaunti haitoi vitambulisho wala pasipoti. Hiyo ni kazi ya Serikali ya Kitaifa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kadi ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, hivyo cheti cha chanjo kinaweza kudaiwa mpakani, bandarini au uwanja wa ndege. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya kuamkia safari hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani iliandikwa miaka 10.

Tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar pia ina bima ya lazima kwa wageni, inayouzwa na Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani. Raia wa Afrika Mashariki athibitishe masharti yanayomhusu kwa shirika hilo kabla ya kuondoka.

Anayekwenda kutafuta riziki ajue kuwa pasi ya mgeni si kibali cha kazi. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya biashara za aina 15, zikiwemo huduma za pesa kwa simu, ukarabati wa simu, saluni na kuongoza watalii. Mfanyabiashara wa Garissa mwenye nia ya kufungua duka huko aulize kuhusu leseni na kibali cha ukaazi akiwa bado nyumbani.